Kilio Kilichobaki Relini

Phanice wa Kongo, pale Kawangware, alikuwa na macho mawili kama yako, lakini maji yaliyokaa nyuma ya macho hayo yangeweza kuzungusha kinu cha kusaga mahindi. Siku ya kwanza alipolia mbele ya kamera kule Kibera, mbwa wa Laini Saba walilala chini wakaziba masikio kwa miguu. Jogoo mmoja aliingia nyumba ya jirani kutoa pole. Kioo cha kamera kilipata ukungu hadi kijana wa kamera akavua shati akifute, na lile bwawa lililo chini ya mtaa, ambalo siku hizi limejaa magugu hata bata analiogopa, lilipanda kidogo. Ukikataa kuamini, muulize aliyeshika ile fimbo ndefu ya sauti, yenye manyoya kama paka aliyenyeshewa. Alirudi kwao viatu vimelowa.

Kazi hiyo hakuitafuta. Yeye alikuwa mama wa mboga za kienyeji, managu na saga na mrenda, na gunia lake lilikuwa palepale Kongo, mkono wa kushoto ukitoka Gatina. Aliyemwingiza kwenye filamu ni rafiki yake Sella, mfuaji nguo za watu huko Satellite. Sella alikuwa ameshatokea kwenye filamu nyingi. Kila mara alikuwa mwanamke anayepita nyuma na ndoo. Alipita na ndoo hiyo mara nyingi mpaka ndoo ikajulikana kuliko yeye.

"Mama Elvis," Sella alimwambia siku moja, akiwa amesimama mbele ya mboga zake bila kununua, "kuna watu wanatafuta mtu wa kulia."

"Kwani wamefiwa?"

"Hawajafiwa. Wanashuti matanga. Maiti mwenyewe nilimwacha anakula chapati."

"Na hao walionao hawawezi kulia?"

"Wanapaka vitunguu. Mmoja alijipaka balmu ya mafua, analia tangu jana, na leo alikuwa aigize harusi."

Phanice akacheka, akafunika mboga na gunia, akaenda. Walipita Satellite, wakatokea Kona, wakafuata barabara ya Ngong kwa miguu mpaka wakateremka Kibera, na njia nzima Sella alimweleza filamu zinavyotengenezwa, nusu kweli na nusu ya kwake.

Dairekta alikuwa Tracy, msichana aliyezaliwa Riruta kwenye ploti ya babake, nywele amezifunga juu kama kichwa cha nanasi. Alimwambia Phanice, "Mum, nikisema eksheni, unalia. Nikisema kat, unaacha." Phanice akakubali. Eksheni ikasemwa, akalia, na hayo ya mbwa na jogoo yakatokea. Tracy akaita, "Kat!" Phanice akanyamaza mara moja, akapangusa pua, akauliza kwa heshima, "Nikate nini, mama?" Watu wakacheka, maiti naye akacheka ndani ya sanduku, ikabidi waanze upya.

Tangu siku hiyo akawa mtu wao. Ikitajwa matanga, moto, mafuriko, mtoto aliyekamatwa na polisi, simu ilipigwa Kongo. Phanice alikuja na leso yake, akalia kwa eksheni na kunyamaza kwa kat, na kabla machozi hayajafika kidevuni alikuwa anauliza kama chai imebaki. Aliwalilia akina Kevo, akina Brayo, akina baba wa watu, akina shosho, mabibi wazee ambao asubuhi walimuuzia mandazi. Vijana wa filamu walimpenda. Walikuwa wakimuuliza, "Mathe, hayo machozi unatoa wapi?" Naye alikuwa akiwajibu, "Ninauza mrenda, mtoto wangu. Mimi ni maji tu."

Lakini nyumbani hakulia.

Huyo Elvis, ambaye kwa jina lake Phanice aliitwa Mama Elvis, alikuwa mtoto wake wa pekee. Alikuwa mtu wa bodaboda pale steji ya Gatina, mfupi, hata pikipiki ikisimama alinyoosha vidole vya mguu ili aguse lami, na wenzake walimwambia akaombe pikipiki ya watoto. Asubuhi moja alipakia mteja. Akapita penye gunia la mamake akapunguza mwendo, akasema, "Mathe, leo uniwekee ugali wa maana, si ule wa mgonjwa." Akaondoka kuelekea barabara ya Ngong. Hakurudi yeye, haikurudi pikipiki, na mteja mwenyewe hakuna aliyemkumbuka sura.

Phanice alimtafuta kwa njia zote ambazo mama huzijua. Alizunguka hospitali. Alikaa kwenye mabenchi ya polisi mpaka askari wakamzoea wakawa wanamwagiza mboga. Kwenye mochari walimfungulia, akaonyeshwa watoto wa akina mama wengine. Aliwafunika vizuri, akaondoka.

Mwaka ukaja na mwingine ukaja, na simu za kutoka nyumbani zikaanza. Nyumbani ni Kimilili. Aliyepiga ni Nalianya, ndugu wa marehemu mume wake, mtu mpole anayezungumza polepole kana kwamba maneno anayanunua.

"Shemeji," Nalianya alikuwa akisema, "huyu mtoto anatangatanga. Tumpe mahali pa kulala."

Alichotaka Nalianya ni mila yao ya tangu zamani. Mtu wao akipotea na mwili usionekane, wanakata mgomba pale bomani, wanaufunga shuka kama mtu, wanautia kwenye jeneza na kuuzika kwa jina la aliyepotea. Hapo analiliwa, watu wananyoa, na mambo yanaisha. Lakini katika ukoo huo kilio cha kwanza ni cha mama. Mama akianza kwa kuliita jina, wengine wanadakia. Mama asipoanza, hakuna msiba, kuna mgomba tu umekatwa bure.

Na Phanice hakutaka kuanza. Kichwani mwake hesabu ilikuwa rahisi: ambaye hajaliliwa na mamake hajafa.

"Shemeji," alimjibu Nalianya, "huo mgomba uache uzae ndizi. Elvis akirudi atakula."

Kwa hiyo alijilinda. Filamuni aliweza kuita jina lolote watakalo, ila hilo moja halikutoka na machozi. Nyumbani alilisema kila siku, kwa macho makavu, na alilisema vizuri. Siku moja mteja aliyekuwa akichagua mboga alimwambia, kwa nia njema kabisa, "Elvis alikuwa anapenda mrenda yako sana."

"Anapenda," Phanice alisema, akaichukua ile mrenda mkononi mwa mteja na kuirudisha kwenye gunia.

Watu wa Kongo wakajifunza. Mbele ya Phanice ulisema Elvis anapenda, Elvis anacheka, Elvis ana deni la kunyolewa. Hata watoto wadogo waliojifunza kuongea juzi walijua kwamba jina hilo haliguswi na neno alikuwa.

Basi Tracy akapata filamu kubwa kuliko zile za kwanza. Ilikuwa habari ya kijana aitwaye Brayo anayekufa, na rafiki zake wanabeba jeneza lake kufuata reli pale Laini Saba, mama yake mdogo akiandamana kando na kulia njia nzima. Mama mdogo huyo akapewa Phanice. Sella akapewa ndoo.

Shida ikawa jeneza. Siku ya majaribio vijana walilibeba tupu, wakaenda nalo kama sinia ya maandazi. Tracy akaweka mikono kiunoni. "Huyu maiti ni wa karatasi? Nataka mabega yaumie." Akamwita Waithaka, mtu wa vifaa, kijana wa Kawangware aliyeweza kutengeneza mtoto mchanga kwa sweta na redio kwa sanduku la viatu. Waithaka akatia mawe. Kila hatua mawe yakagongana, ukadhani maiti anatafuta funguo. Akatia mchanga. Mchanga ukavuja kwenye pembe, ukachora mstari relini kama siafu wanahama.

"Waithaka," Tracy alisema, "mtu aliyekufa hana kelele na hamwagiki. Nenda ufikirie."

Waithaka akaenda akafikiria, na asubuhi iliyofuata jeneza lilikuwa tayari kando ya reli, limekaa juu ya viti viwili vya plastiki. Phanice alifika, akasalimia watu, akajifunga leso. Alipopita karibu na jeneza akasimama. Kulikuwa na harufu. Haikuwa ya rangi wala ya mbao. Ilikuwa ile harufu mbichi ya utomvu, inayobaki mikononi ukishakata, na usiyoweza kuitoa hata kwa sabuni.

"Waithaka, umetia nini humu?"

"Mathe, leo nimewaweza." Uso wake ulikuwa unang'aa. "Mgomba. Nimeutoa huko chini kwa bwawa, mgongo wangu umeisha. Ni mzito kama mtu, haugongani, haumwagiki. Nimeufunga na shuka ndio usijiviringishe."

"Shuka gani?"

"Nyeupe. Ya kitanda."

Sella alikuwa anapita na ndoo. Akaiweka chini. Yeye ni wa hukohuko Bungoma, upande wa Kimilili, hakuhitaji kuelezwa.

"Toa hiyo kitu," akasema.

"Nitoe? Sella, hujui nimeibeba kutoka wapi."

"Nimesema toa. Mama Elvis, twende. Twende nyumbani, watalia wenyewe."

"Kwani kuna mtu ataonyeshwa ndani?" Waithaka akauliza, anawaangalia wote wawili, na hakuna alichoelewa, maskini. Kwao mgomba ni mgomba. Alikuwa amefanya kazi yake, na ameifanya vizuri.

Phanice hakwenda. Alikuwa ameshika ukingo wa jeneza.

"Fungua nione," akasema.

Waithaka akainua kifuniko. Mgomba ulikuwa umelala chali, kama mgomba una chali, shuka imekunjwa vizuri miguuni na kichwani. Pale ambapo mtu angekuwa na kifua, utomvu ulikuwa umetoa doa la kahawia. Phanice akaweka kiganja juu ya doa hilo, akabonyeza kidogo, jinsi anavyobonyeza mboga kuona kama zimelala.

"Ni mrefu," akasema. "Elvis alikuwa mfupi."

Sella akalisikia. Phanice naye akalisikia, likitoka kinywani mwake mwenyewe, lile neno alilowakatalia wateja na majirani na askari na shemeji. Akafunga mdomo kama mtu anayetaka kulirudisha ndani. Halikurudi.

Waithaka ndiye peke yake ambaye hakusikia kitu. "Huyu ni Brayo, mathe. Hakuna Elvis kwa hii filamu," akasema. Halafu, kwa sababu alimpenda na alitaka afurahi, akaongeza, "Lakini kama ni mrefu naweza kupunguza."

Upande wa pili wa reli mwanamke alikuwa anaanika nguo za shule.

"Punguza," Phanice akasema.

Waithaka akachukua panga. Akakata kwenye miguu, mapigo mepesi, maji ya mgomba yakimrukia. Akauliza, "Hapo?" Phanice akasema, "Kidogo tena." Akakata kidogo tena. Kisha yeye mwenyewe Phanice akaikunja shuka, akaichomeka chini ya mgomba ili upepo usiingie, akamwambia afunike.

Vijana wakabeba. Mabega yakaumia kama Tracy alivyotaka. Tracy akaita eksheni.

Hapa hakuna cha kuongeza chumvi. Mbwa hawakulala chini, na jogoo hakuja. Bwawa lilibaki na magugu yake. Ni mwanamke mmoja tu aliyekuwa akitembea kando ya jeneza kwenye reli, amelishika kwa mkono mmoja, akimgombeza mtoto. "Elvis, woi, Elvis. Ugali ulikaa mpaka ukawa jiwe. Nilikuambia upeleke mtu karibu, urudi. Nilikuambia. Elvis, nilifungua milango yote ya watu, nikakuita, mbona hukusema uko wapi? Woi, mtoto wangu, lala basi. Lala. Nimechoka kukungoja nje."

Tracy akasema kat. Phanice hakuacha. Akasema tena kat. Vijana wakasimama, wakaliteremsha jeneza taratibu bila kuambiwa, na mmoja wao akavua kofia. Phanice aliendelea mpaka kilio kilipoisha chenyewe, kama mvua inavyoisha, kwa matone. Halafu akakaa kwenye chuma cha reli akifuta uso.

Watu walikuwa wameshapiga makofi kabla hawajajua kama yanafaa. Tracy akaja akachuchumaa mbele yake, macho yake pia mekundu.

"Mum, sijawahi kuona kitu kama hiyo. Walahi. Lakini umeita Elvis. Kijana wetu ni Brayo. Turudie tu mara moja, hivyohivyo, na Brayo."

Sella akaja mbio. "Tracy, wewe hujui ni nini umeomba."

Phanice akamzuia kwa mkono. Alikuwa mtu wa kazi, na kazi alikuwa ameikubali. Akasimama, akafunga leso upya. Jeneza likabebwa. Eksheni. Akafungua kinywa.

Hakikutoka kitu.

Wakarudia. Akamwita Brayo kwa sauti ya mtu anayeita mteja arudi achukue chenji. Wakamletea kitunguu, macho yakawasha tu. Wakamletea balmu. Machozi yakatoka, lakini yalikuwa maji ya balmu, na kila mtu aliona. Alijaribu kweli, mama wa watu. Alifumba macho, akawakumbuka wafu wote aliowahi kuwalilia, akina Kevo na akina shosho wa mandazi, na ndani palikuwa pakavu kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.

Hapo ndipo Sella alipomwambia Tracy Elvis ni nani. Alimwambia pembeni, kwa maneno machache. Tracy akakaa chini na suruali yake nzuri, palepale kwenye kokoto, akaweka kichwa mikononi. Waithaka alipoelewa alichokata, alikwenda nyuma ya kibanda cha mkaa na hakuonekana kwa muda.

"Tutatumia ya kwanza," Tracy alisema baadaye, hawezi kumtazama usoni. "Ukikubali, Mum. Jina tutalitoa kwa sauti, tuweke Brayo. Ukikataa, tunafuta yote. Ni wewe useme."

"Mkilitoa mnalipeleka wapi?"

Tracy akamtazama kijana wa sauti. Kijana akakohoa. "Haliendi mahali, mathe," akasema. "Linafutika tu."

Phanice akafikiria. "Lifute," akasema. "Hicho kilio chenyewe mkae nacho. Mimi nitakifanyia nini?"

Asubuhi yake, kabla hajapanga mboga, alimpigia Nalianya simu. "Shemeji," akamwambia, "kateni." Nalianya alisema tu "Mulembe, shemeji," salamu yao ya amani, kama anayempokea mtu aliyetoka safari ndefu.

Siku ya mazishi Kimilili ilifurika. Walikuja wa ukoo na wasio wa ukoo, kwa sababu habari ilikuwa imefika hadi sokoni kwamba mamake Elvis ni yule analia kwenye filamu za Nairobi, na kama anawalilia wageni namna ile, basi mwanawe mwenyewe atamlilia mpaka milima isikie. Wanawake walikaa tayari, leso zimefungwa. Jeneza lilikuwa kando ya kaburi, karibu na alipozikwa baba mtu. Wote wakangoja kilio cha kwanza.

Phanice alisimama pale. Jua likasogea. Mtoto wa mtu akalia kwa njaa, akanyamazishwa.

"Analilia watoto wa Nairobi," sauti ikanong'ona nyuma, ya Nasipwondi, mke wa Nalianya, ambaye hakuwa na ubaya ila alichoka kungoja. "Wake anamwonea aibu?"

Nalianya akasogea karibu na shemeji yake, akainama.

"Anza basi, shemeji. Hata kidogo. Watu wanaangalia."

"Nilishalia."

"Ulilia lini?"

"Juzi. Kibera, kwa reli."

"Ulimlilia Elvis? Kwa jina lake?"

"Kwa jina lake."

Nalianya akageuza jambo hilo kichwani polepole, kama kawaida yake. "Na nani walikuwako?" akauliza.

Phanice akawafikiria: vijana wa kamera, wabebaji waliovalishwa suti za kuazima, Sella na ndoo, mwanamke wa ng'ambo ya reli aliyeacha kuanika nguo akasimama na shati la mtoto mkononi.

"Watu," akasema.

Nalianya akashindwa kujua hilo liingie wapi katika mila. Mwishowe akamgeukia mkewe, akampa ishara. Nasipwondi akasimama, akaweka mikono kichwani, akaliita jina. Wanawake wakadakia, boma likajaa, na wanaume wakashika kamba kuteremsha jeneza.

Phanice alisimama katikati yao, macho makavu, akisikiliza wengine wakimlilia mwanawe. Walipoita Elvis, aliitikia kwa kichwa. Wakaita tena, akaitikia tena.